John Snow: Daktari aliyeoanisha rejista ya vifo na mabomba ya maji

Mtafiti anapochukua takwimu za ofisi mbili tofauti na kuzioanisha ili apate jibu moja, anafuata njia aliyoipita daktari Mwingereza John Snow mwaka 1854. Katika makala hii tunaangazia maisha yake.

Snow alizaliwa mjini York mwaka 1813, mtoto wa kwanza wa kibarua. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza udaktari Newcastle, na katika eneo hilo alikutana na kipindupindu kwa mara ya kwanza, miongoni mwa wachimba makaa ya mawe. Baadaye alihamia London na kupata sifa kwa dawa ya usingizi. Mwaka 1853 alimpa Malkia Victoria klorofomu wakati wa kujifungua.

Madaktari wengi wa enzi hizo waliamini kipindupindu huletwa na hewa chafu. Snow aliamini huletwa na maji, lakini alikosa ushahidi wa kutosha.

Kusini mwa London, kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ileile. Lambeth, tangu 1852, ilichota sehemu ya juu ya Mto Thames, mbali na majitaka ya jiji. Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota Battersea. William Farr, wa ofisi ya usajili, alimpatia Snow anwani za waliofariki. Rejista hiyo haikuonyesha kila nyumba ilipata maji kwa nani, hivyo Snow na msaidizi wake walibisha hodi nyumba kwa nyumba. Wakazi wasipojua, Snow alipima chumvi: maji ya Battersea yalikuwa na chumvi nyingi zaidi.

Vifo pekee visingetosha, kwa kuwa kampuni yenye wateja wengi ingetarajiwa kuwa na vifo vingi. Snow aliongeza idadi ya nyumba. Katika wiki saba za mwanzo za mlipuko, nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall zilikuwa na vifo 1,263, yaani 315 kwa kila nyumba 10,000. Nyumba 26,107 za Lambeth zilikuwa na vifo 98, yaani 37 kwa kila 10,000.

Snow alifariki 1858, akiwa na miaka 45, wengi wakiwa bado hawajashawishika. Farr mwenyewe, aliyekuwa ameegemea hewa chafu, alikubali hoja ya maji baada ya mlipuko wa 1866.