Paul von Lettow-Vorbeck na Mafunzo ya Vita: Kutoka Jasini hadi Mlima Meru

Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis, Ujerumani, mwaka 1870, akafariki Hamburg mwaka 1964. Alipowasili Dar es Salaam Januari 1914 kuongoza jeshi la kikoloni, alikwisha kupigana China na katika Namibia ya leo. Hata hivyo, nadharia yake ya vita haikuja ikiwa kamili. Iliundwa na mapigano yenyewe.

Baada ya ushindi wa Tanga, Novemba 1914, alishambulia Jasini Januari 1915. Alishinda tena, lakini kwa kupoteza maofisa wengi na risasi zipatazo 200,000, asizoweza kuzifidia kwa urahisi. Tangu hapo aliacha mashambulizi makubwa ya ana kwa ana. Lengo likawa kuyashughulisha majeshi mengi ya adui kwa muda mrefu.

Funzo hilo lilijaribiwa kaskazini Machi 1916. Kikosi kimoja cha Smuts kilitoka Longido, kikapita kati ya Meru na Kilimanjaro ili kumkatia njia. Lettow-Vorbeck alipigana Latema na Reata, kisha akaelekea Kahe kabla hajazingirwa. Arusha ilitwaliwa. Aprili, Wajerumani waliong'ang'ania kilima cha Lolkisale, kusini mwa Arusha, walisalimu amri. Yeye aliendelea hadi Novemba 1918.

Ikumbukwe kwamba hesabu iliyozaa mbinu hiyo ilikuwa ya maofisa na risasi. Wapagazi waliofia njiani na wakulima walionyang'anywa chakula hawakuhesabiwa. Hivyo basi, anayemsifu kwa kujifunza upesi hana budi kuuliza ni nani aliyelipa ada ya mafunzo hayo.