Wallace Carothers na Uzi Uliotoka Maabara

Kama unaishi Makete, Njombe, Limuru au mahali pengine penye baridi, bila shaka unalijua koti hili. Ni jepesi. Hupatikana sana kwenye mitumba. Ukilishika ndani ni laini, ukilishika nje ni laini vile vile. Pande zote mbili zina vinyuzi vifupi vilivyosimama, kama mahameli. Likilowa, unalikung'uta na kulianika, nalo hukauka upesi kuliko blanketi.

Je, umewahi kujiuliza uzi wa koti hili umetoka wapi? Si pamba. Hakuna mkulima aliyeupalilia. Si sufu ya kondoo. Wala si hariri, ambayo hutolewa na kiwavi. Uzi huu umetengenezwa kiwandani kwa vitu vitokanavyo na mafuta ya petroli. Unaitwa poliesta. Ndugu yake ni nailoni, uzi wa nyavu za wavuvi na wa miswaki ya dukani.

Mtu aliyefungua njia ya nyuzi hizi aliitwa Wallace Hume Carothers. Alikuwa Mmarekani. Habari zake ni za kazi kubwa, tena ni za huzuni. Zisome taratibu.

Mtoto wa mwalimu

Carothers alizaliwa tarehe 27 Aprili 1896 katika mji wa Burlington, jimbo la Iowa. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba yake alikuwa mwalimu katika chuo cha biashara. Alitaka mwanawe ajifunze kazi ya kumpatia riziki upesi, kwa hiyo kijana alisoma kwanza mambo ya hesabu za biashara.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kemia, elimu ya vitu: vimeundwa na nini, na vinabadilikaje vikichanganywa. Mwaka 1915 aliingia Chuo cha Tarkio, jimbo la Missouri. Hakuwa na fedha nyingi, hivyo alisoma huku akifanya kazi chuoni hapo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiendelea, mwalimu wake wa kemia aliondoka. Chuo hakikupata mwingine. Unajua walifanya nini? Walimpa Carothers kazi ile ya kufundisha, naye bado ni mwanafunzi! Aliwafundisha wenzake mpaka alipohitimu mwaka 1920.

Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1924 akapata shahada ya udaktari, si ule wa kutibu wagonjwa, bali udaktari wa elimu. Mwaka 1926 akaitwa kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard, chuo chenye sifa kubwa. Ila kufundisha hakukumpendeza. Alikuwa mtu mwenye haya, na kusimama mbele ya watu wengi kulimchosha.

Kampuni yamwita

Katika mji wa Wilmington, jimbo la Delaware, ilikuwapo kampuni ya kemia iitwayo DuPont. Mkuu wa utafiti wake, Charles Stine, alitaka wataalamu wachache wa kuchunguza mambo kwa ajili ya elimu tu, bila kuulizwa kila siku faida iko wapi. Akampelekea Carothers mwito.

Carothers alisitasita. Tangu ujana wake alikuwa na ugonjwa. Haukuonekana mwilini, bali ulikuwa ndani ya akili na moyo. Mara huzuni nzito ilimshika, bila sababu ambayo mtu mwingine angeiona. Siku hizo hakula vizuri, hakulala, wala hakuona thamani ya kazi yake. Leo madaktari wanauita ugonjwa huu sonona. Carothers aliieleza kampuni wazi kwamba ana tabu hii, naye aliogopa kwamba kiwandani itamletea shida zaidi. Kampuni ikasema bado inamtaka. Mwezi Februari 1928 akaanza kazi Wilmington, akapewa maabara na wasaidizi.

Swali la mnyororo mrefu

Wataalamu wa siku hizo walikuwa na ubishi. Pamba, hariri na mpira vimeundwaje? Mjerumani mmoja, Hermann Staudinger, alisema kwamba ndani ya vitu hivi chembe ndogo sana zimeshikana kama mnyororo mrefu. Wengi walimpinga. Walisema chembe haziwezi kushikana hata zikawa ndefu kiasi hicho.

Carothers hakutaka kubishana kwa maneno. Aliamua kuutengeneza mnyororo huo mwenyewe, pingili kwa pingili, ili kila mtu aone.

Fikiri hivi. Kijijini mmekusanyika watu wa makundi mawili. Kundi la kwanza wamevaa nguo nyeupe, kundi la pili wamevaa nguo nyeusi. Kila mtu ana mikono miwili. Mtu wa nguo nyeupe hushikana tu na mtu wa nguo nyeusi. Mkianza kushikana, mweupe kwa mweusi, mweusi kwa mweupe, mtapata mstari usiokuwa na mwisho. Hivyo ndivyo Carothers alivyofanya. Alichukua vitu viwili vya kemia, kila kimoja kikiwa na mikono miwili, akavichanganya kwa moto.

Lakini palikuwa na shida. Kila mikono miwili iliposhikana, tone dogo la maji lilitoka. Maji yale yakibaki, huachanisha mikono tena. Kwa hiyo minyororo yake iliishia katikati. Ilimbidi apate chombo cha pekee cha kuyavuta maji yote nje, hata yale machache kabisa. Chombo kilipopatikana, minyororo ikarefuka kuliko yote iliyowahi kutengenezwa na mtu.

Uzi wakimbizwa ukumbini

Mwezi Aprili 1930 ulikuwa mwezi wa ajabu katika maabara ile. Msaidizi mmoja, Arnold Collins, alipata kitu kinachodunda kama mpira. Kikawa mpira wa kutengenezwa, ule uitwao neoprini. Mwezi ule ule msaidizi mwingine, Julian Hill, alichovya kijiti cha kioo katika kitu kilichoyeyuka, akakivuta juu. Uzi mwembamba ukafuata kijiti. Akaendelea kuvuta. Haukukatika.

Hill aligundua jambo jingine kubwa zaidi. Uzi ule ukishapoa, ukiuvuta unarefuka mara kadhaa, na badala ya kudhoofika unakuwa na nguvu na kung'aa kama hariri. Sababu ni kwamba minyororo iliyokuwa imelala ovyo, ikivutwa, hujipanga sambamba. Umeona katani ikichanwa? Nyuzi zilizovurugika zikinyooka pamoja, kamba yake huwa imara. Ni jambo la namna hiyo. Inasimuliwa kwamba siku moja Carothers akiwa hayupo, wasaidizi walikimbia na uzi huo kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine, waone utarefuka mpaka wapi.

Uzi huo ulikuwa poliesta. Lakini usishangilie bado. Uliyeyuka katika maji ya moto. Nguo ambayo huwezi kuifua kwa maji ya moto wala kuipiga pasi, nani ataivaa? Carothers akauweka kando.

Siku za mashaka

Wakati huo Marekani ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Viwanda vilifungwa, watu hawakuwa na kazi. Stine alikuwa amepandishwa cheo, na mkuu mpya, Elmer Bolton, alitaka vitu vya kuuzika. Ule uhuru wa kuchunguza kwa ajili ya elimu tu ukapungua. Mimi simlaumu sana Bolton, maana ndiye aliyemhimiza Carothers arudi kwenye nyuzi. Lakini ni kweli pia kwamba Carothers aliitikia mwito kwa ahadi nyingine.

Mwaka 1934 alirudi. Safari hii alibadilisha mkono mmoja. Badala ya kitu alichotumia mwanzo, alitumia kitu chenye naitrojeni, hewa ile iliyo nyingi kuliko zote katika upepo tunaovuta. Minyororo ya namna hii hushikana kwa nguvu zaidi, kwa hiyo haiyeyuki upesi. Walijaribu michanganyiko mingi. Tarehe 28 Februari 1935, Gerard Berchet, akiongozwa na Carothers, alitengeneza mmoja ambao kila pingili yake ina kaboni sita. Kaboni ni kile kilichojaa katika makaa ya jikoni. Kwa sababu hiyo mchanganyiko huo uliitwa sita-sita.

Carothers mwenyewe aliupenda mwingine, wa tano-kumi. Bolton akachagua sita-sita, kwa kuwa malighafi yake ilipatikana kwa bei nafuu kutoka makaa ya mawe. Uzi huo haukuyeyuka mpaka moto ulipofika nyuzijoto 263 hivi. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Sasa pasi ilikuwa si tatizo tena.

Mwaka 1936 Carothers alichaguliwa kuingia katika Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Alikuwa mkemia wa kwanza wa fani yake kutoka kiwandani kupewa heshima hiyo. Mwezi Februari mwaka huo huo alimwoa Helen Sweetman, aliyefanya kazi katika kampuni ile ile.

Mtu wa nje angesema huyu amefanikiwa. Yeye hakuona hivyo. Alijiona ameshindwa, na kwamba akili yake imekauka, haina jambo jipya tena. Alikunywa pombe ili kutuliza moyo, nayo haikutuliza. Mwaka 1936 alilazwa hospitali. Mwezi Januari 1937 dada yake mpendwa, Isobel, aliyekuwa mchezaji wa vichekesho redioni, alikufa. Pigo hilo lilimvunja. Tarehe 29 Aprili 1937, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41, Carothers alijiua katika mji wa Philadelphia.

Mkewe alikuwa mjamzito. Binti yao Jane alizaliwa mwezi Novemba mwaka huo.

Siku zile tiba ya sonona ilikuwa hafifu mno. Dawa zinazotumika leo zilikuwa hazijavumbuliwa. Rafiki zake walimpenda na walijaribu kumsaidia. Si kweli kwamba aliachwa, wala si kweli kwamba alikuwa mtu dhaifu. Alikuwa mgonjwa.

Nailoni yaingia duniani

Jina nailoni hakulisikia kamwe. Kampuni ilitangaza uzi huo mwezi Oktoba 1938. Kwanza ukatumika katika miswaki, badala ya manyoya ya nguruwe. Tarehe 15 Mei 1940 soksi ndefu za wanawake zilianza kuuzwa Marekani kote. Wanawake walisimama foleni, na soksi zikaisha upesi madukani.

Kisha vita ikafika. Hariri ya Marekani ilikuwa ikitoka zaidi Japani, na sasa Japani ilikuwa adui. Nailoni ikachukuliwa kwa miavuli ya askari wanaoruka kutoka kwenye ndege, na kwa kamba. Baada ya vita ikaenea. Katika miaka ya 1950 ilifika kwa wavuvi wa Ziwa Victoria, nao wakaona kwamba nyavu zake haziozi kama zile za nyuzi za mimea.

Si kila mtu alifurahi. Muulize mzee aliyekata mkonge Tanga. Kamba za plastiki, ambazo ni jamaa wa mbali wa nailoni, ziliangusha bei ya katani yetu, na mashamba mengi yakageuka vichaka.

Na koti letu?

Kumbuka ule uzi wa poliesta uliowekwa kando. Mwaka 1941 Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Dickson, waliuchukua mwanzo ule wa Carothers. Wakabadilisha kitu kimoja tu kati ya vile viwili, wakapata poliesta isiyoyeyuka katika maji ya moto. Miaka mingi baadaye kiwanda kimoja cha mji wa Lawrence, Marekani, kikaufuma uzi huo kuwa kitambaa chenye vitanzi. Mashine yenye burashi za waya ikavikwaruza vitanzi upande huu na upande ule, mpaka vikasimama kama mahameli. Hewa hunaswa kati ya vinyuzi hivyo, na hewa iliyotulia ndiyo inayokupa joto.

Upepo ukivuma, hewa hiyo hufukuzwa, na baridi huingia. Kwa hiyo mafundi walitafuta njia ya kuuzuia bila kupaka kitambaa plastiki, maana plastiki huzuia jasho kutoka. Hutumia uzi wa pekee katikati ya kitambaa, ule unaoshika vitanzi pamoja. Mwingine una moyo wa kunyumbuka kama mpira. Mwingine hunywea ukipata joto. Kitambaa kikishafumwa, uzi wa ndani hujikaza, matundu yanazibana, na vinyuzi vya nje vinabaki laini kama vilivyokuwa.

Ukienda mnadani, jaribu mwenyewe. Weka kitambaa mdomoni na upulize kwa nguvu, huku mkono wako ukiwa upande wa pili. Kama pumzi haifiki mkononi, hilo ni koti la upepo. Kama inapita kwa urahisi, litakufaa ndani ya nyumba, au chini ya koti jingine. Tena usilivae karibu na moto wa kuni. Uzi huu hauwi majivu kama pamba. Huyeyuka na kunata kwenye ngozi.