Mtakatifu Camillus de Lellis: Neno la Upole Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Kila mwaka, ifikapo tarehe 14 Julai, Mama Kanisa anaadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Camillus de Lellis, Padre, msimamizi wa wagonjwa, wauguzi na hospitali. Waamini wengi wanamfahamu kwa msalaba mwekundu ambao watawa wake huuvaa kifuani. Wachache wanakumbuka kwamba mageuzi aliyoyaleta hospitalini hayakuishia kwenye usafi na chakula cha wagonjwa. Yaligusa pia ulimi na sikio la mhudumu, yaani jinsi anavyomsalimu mgonjwa, anavyomwuliza haja yake na anavyomsikiliza.

Camillus alizaliwa tarehe 25 Mei 1550 huko Bucchianico, katika eneo la Abruzzo nchini Italia. Mama yake alikuwa amekwisha kupita umri wa kutarajia mtoto, na alifariki dunia Camillus akiwa bado kijana mdogo. Baba yake alikuwa askari, naye mtoto akafuata nyayo hizo. Alikuwa mrefu kupita kiasi, mwenye nguvu, hasira za haraka na mapenzi makubwa ya kamari. Alipata pia kidonda mguuni ambacho hakikupona mpaka siku ya kufa kwake.

Kidonda hicho ndicho kilichomfikisha Roma mwaka 1571, katika Hospitali ya San Giacomo, iliyowapokea wagonjwa wenye maradhi yaliyoshindikana. Hapo alitibiwa, na badala ya malipo alifanya kazi ya utumishi wodini. Lakini baada ya muda mfupi alifukuzwa kwa sababu ya ugomvi na kamari. Hivyo, mtu ambaye baadaye angewafundisha wengine upole kwa wagonjwa alianza akiwa mtumishi asiyevumilika. Mwaka 1574, huko Napoli, kamari ilimwishia kabisa, akabaki fukara. Akapata kibarua kwa Ndugu Wakapuchini waliokuwa wakijenga konventi yao Manfredonia. Tarehe 2 Februari 1575, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, akiwa njiani kutoka San Giovanni Rotondo, neema ya Mungu ilimgusa. Akashuka kutoka juu ya mnyama aliyempanda, akapiga magoti na kulia juu ya maisha yake yaliyopita.

Alitamani kuwa Mkapuchini, lakini kidonda kilifunguka tena na hakuweza kuendelea na unovisi. Akarudi San Giacomo, safari hii akiwa mtu mpya, na hatimaye akakabidhiwa usimamizi wa watumishi wa hospitali. Mtakatifu Filipo Neri alikuwa muungamishi wake.

Akiwa msimamizi, Camillus aliona kwa macho yake hali ya hospitali za wakati ule. Watumishi wengi walikuwa watu wa kukodiwa, waliofanya kazi kwa ajili ya ujira tu. Chakula kiliwekwa kando ya kitanda cha mtu asiyeweza kunyanyua mkono, kisha kikaondolewa bila kuguswa. Wagonjwa waliita na hawakuitikiwa. Walioomba maji usiku walijibiwa kwa matusi. Wengine waliaga dunia bila mtu wa kuwashika mkono wala kuwatamkia jina la Yesu. Camillus aliyajua hayo kwa pande zote mbili, kwa kuwa alikuwa amelala katika vitanda vile na alikuwa pia mmoja wa watumishi wale.

Mwezi Agosti 1582 alipata wazo la kuwakusanya watu wema ambao wangewahudumia wagonjwa kwa upendo wa Mungu, si kwa mshahara. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 30, aliketi darasani pamoja na vijana wadogo ili ajifunze Kilatini, na mwaka 1584 akapewa Daraja Takatifu ya Upadre. Papa Sixtus V aliidhinisha shirika lake mwaka 1586. Mwaka 1591 Papa Gregori XIV alilipandisha kuwa Shirika la kitawa lenye nadhiri ya nne, yaani kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha maisha, ikiwemo wakati wa tauni. Huko Napoli ndugu wawili wa kwanza walipoteza maisha kwa kuwahudumia wagonjwa wa tauni.

Katika kanuni alizowaandikia wenzake, Camillus aliweka wazi namna ya kuzungumza na mgonjwa. Kila mmoja aombe kwanza neema ya kuwa na moyo wa mama, ili amhudumie mgonjwa kama mama mwenye mtoto wake wa pekee aliyeugua. Mhudumu asimjibu mgonjwa kwa ukali wala asimdharau, bali aseme naye kwa upole na amsaidie kula kwa subira. Alisisitiza pia kwamba mikono inayohudumu iwe na moyo ndani yake. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja alipomwomba kwa unyenyekevu amtengenezee kitanda, Camillus alimsihi asiombe bali aamuru, kwani yeye ni mtumwa wake. Na alipoitwa na mkubwa mmoja wakati akimlisha mgonjwa, alituma jibu kwamba yuko na Bwana Yesu na atakuja akimaliza.

Hakuacha mazungumzo hayo hata mtu alipokaribia kukata roho. Baada ya kubaini kwamba baadhi ya wagonjwa walizikwa kabla hawajafa kweli, aliagiza sala ziendelee kwa muda baada ya pumzi iliyodhaniwa ya mwisho, na uso usifunikwe haraka. Aliamini kwamba anayeonekana kuwa hasikii huenda bado anasikia.

Mto Tiber ulipofurika Desemba 1598, yeye na wenzake waliwahamisha wagonjwa wa Hospitali ya Santo Spirito hadi ghorofa ya juu. Katika miaka yake ya mwisho, mguu ukimuuma na tumbo likikataa chakula, alikuwa akitoka kitandani usiku, akijikongoja kutoka kitanda hadi kitanda kuwauliza wagonjwa kama kuna wanachohitaji. Aliacha uongozi wa Shirika mwaka 1607, akafariki dunia Roma tarehe 14 Julai 1614. Papa Benedikto XIV alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1746.

Wapendwa waamini, leo vyuo vya uuguzi vinafundisha mawasiliano na mgonjwa kuwa sehemu ya tiba: kumwita kwa jina, kumtazama usoni, kumweleza kinachofanyika kabla ya kumgusa, kumsikiliza bila kumkatiza, na kunyamaza naye anapolia. Anayesikilizwa husema dalili ambazo angezificha, na anayeelezwa vizuri hutumia dawa yake ipasavyo. Lakini katika wodi zetu, bado mzee aliyezoea kuamkiwa shikamoo kijijini kwake huweza kuamrishwa kama mtoto, na mama aliye katika uchungu wa kujifungua akafokewa. Ni kweli kwamba wauguzi ni wachache na zamu ni ndefu. Camillus aliufahamu uchovu huo, na ndiyo maana alidai kwanza sala na moyo wa mama, kwa kuwa neno la upole halihitaji muda mrefu zaidi ya neno la ukali.

Wosia huu unawahusu pia wanaokwenda kuwatazama wagonjwa. Tusijaze masikio yao kwa habari za waliokufa kwa ugonjwa kama wao, wala tusiwahukumu kwamba maradhi yao ni adhabu ya dhambi. Tuseme pole, tuketi, tuulize, kisha tusikilize. Watoto wa kiroho wa Camillus wanaendeleza karama hiyo hata kwetu Afrika Mashariki, kama ilivyo katika hospitali yao ya Karungu nchini Kenya, kando ya Ziwa Victoria.

Mtakatifu Camillus de Lellis, uwaombee wagonjwa wetu na wote wanaowahudumia.