Arnold Lunn

Sir Arnold Henry Moore Lunn (18 Aprili 1888 – 2 Juni 1974) alikuwa mwandishi, mpanda milima na mwanamichezo wa skii kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa mbio za slalomu za kisasa. Alipigania pia kwa miaka mingi mbio za kuteremka mlima kwa skii zikubaliwe katika mashindano ya kimataifa na katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi.

Maisha ya awali

Lunn alizaliwa mjini Madras (leo Chennai), Uhindi, ambako baba yake Henry Lunn alikuwa mmisionari wa Kanisa la Methodisti. Baada ya kurudi Uingereza, baba yake alianzisha kampuni ya utalii iliyopeleka Waingereza kwenye milima ya Alpi wakati wa baridi. Kwa njia hiyo Arnold alianza kujifunza skii akiwa na umri wa miaka 10, mjini Chamonix, Ufaransa.

Alisoma katika shule ya Harrow, halafu katika Chuo cha Balliol, Oxford. Mwaka 1908, akiwa bado mwanafunzi, alianzisha Alpine Ski Club, chama cha wapanda milima wanaotumia skii.

Ajali

Mwaka 1909 Lunn alianguka alipokuwa akipanda mwamba wa mlima Cader Idris huko Wales. Mguu wake mmoja ulivunjika vibaya, na ulipopona ukawa mfupi kuliko mwingine. Jeraha lake lilimsumbua kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo hakuweza kupigana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, bali alikaa Mürren, Uswisi, akihudumia askari wa Uingereza na Ufaransa waliohifadhiwa huko baada ya kutekwa. Hata hivyo hakuacha milima. Mwaka 1917 alipanda Dom (mita 4,545) pamoja na kiongozi wa milima Josef Knubel, wakawa wa kwanza kuupanda mlima huo kwa skii.

Mbio za kuteremka na slalomu

Wakati huo mchezo wa skii uliongozwa na nchi za Skandinavia, hasa Norwei. Mashindano yao yalikuwa ya aina mbili: mbio ndefu za nyikani na kuruka kwa skii. Wengi wao waliona kuteremka mlima tu ni mchezo wa watalii usiostahili ubingwa. Lunn aliona tofauti. Katika Alpi, ambako miteremko ni mirefu na mikali, ustadi wa mtu ulionekana katika kushuka kwa kasi bila kuanguka.

Mwaka 1911 aliandaa huko Montana, Uswisi, mbio za kuteremka zilizoshindaniwa kwa kombe lililotolewa na Lord Roberts wa Kandahar, jemadari wa Uingereza. Washindani waliondoka wote kwa pamoja juu ya barafuto na kushuka hadi kijijini.

Slalomu ilikuwepo kabla ya Lunn, lakini mara nyingi waamuzi walitoa alama kwa kutazama uzuri wa mitindo. Januari 1922, huko Mürren, Lunn alipanga slalomu ya namna mpya. Alisimika bendera mbilimbili kwenye mteremko, na kila mshindani alipaswa kupita katikati ya kila jozi, kama mtu anayepita kati ya miti ya msituni. Mshindi alikuwa yule aliyetumia muda mfupi zaidi. Hivyo saa ilichukua nafasi ya maoni ya mwamuzi, na kanuni hiyo inatumika hadi leo.

Mwaka 1924 alishiriki kuanzisha Kandahar Ski Club mjini Mürren. Mwaka 1928 yeye na mwalimu wa skii Hannes Schneider wa Austria walianzisha mashindano ya Arlberg-Kandahar mjini St. Anton, yaliyounganisha matokeo ya kuteremka na ya slalomu.

Ubingwa wa dunia na Olimpiki

Shirikisho la Kimataifa la Skii (FIS) liliundwa mwaka 1924, lakini mwanzoni halikuzitambua mbio za kuteremka wala slalomu. Lunn aliendelea kudai zitambuliwe, katika mikutano na katika kitabu cha mwaka cha skii cha Uingereza, alichokihariri tangu 1919. Hatimaye mkutano wa FIS mjini Oslo mwaka 1930 ulikubali.

Februari 1931 mashindano ya kwanza ya FIS ya aina hiyo yalifanyika Mürren. Baadaye yalihesabiwa kuwa ubingwa wa dunia wa kwanza. Wanawake walishindana tangu mwanzo: Esmé MacKinnon wa Uingereza alishinda kuteremka na slalomu. Kwa wanaume walishinda Waswisi Walter Prager (kuteremka) na David Zogg (slalomu).

Mwaka 1936 mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani, kwa medali za matokeo ya pamoja tu. Washindi walikuwa Wajerumani Franz Pfnür na Christl Cranz. Mwana wa Lunn, Peter, alikuwa nahodha wa timu ya Uingereza, lakini alikataa kuandamana katika sherehe ya ufunguzi kwa kupinga utawala wa Nazi.

Machi 1938 Ujerumani iliiteka Austria, na Hannes Schneider alikamatwa na Wanazi. Mashindano ya Arlberg-Kandahar yalikuwa karibu kuanza St. Anton. Lunn aliyafuta, asikubali yafanyike katika kijiji cha rafiki yake wakati mwenyewe yuko kifungoni. Schneider aliachiliwa baadaye, akahamia Marekani.

Dini na siasa

Kwa miaka mingi Lunn alikuwa mkosoaji wa Kanisa Katoliki. Aliandikiana barua za mabishano na padri Ronald Knox, zikachapishwa kama kitabu mwaka 1932. Mwaka uliofuata Lunn mwenyewe alijiunga na kanisa hilo, akawa mmoja wa watetezi wake wakuu nchini Uingereza. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania aliunga mkono upande wa Jenerali Franco, msimamo uliomletea lawama.

Miaka ya mwisho na urithi

Mwaka 1952 alipewa cheo cha Sir kwa huduma zake kwa skii ya Uingereza na kwa uhusiano kati ya Uingereza na Uswisi. Alifariki London akiwa na umri wa miaka 86.

Kuteremka na slalomu zimekuwa na medali zake zenyewe katika Olimpiki tangu mwaka 1948, na ubingwa wa dunia ulioanzia Mürren hufanyika kila baada ya miaka miwili. Katika kijiji hicho kuna jiwe la ukumbusho wa Lunn.