Richard Kandt, daktari aliyeshika kalamu

Mwasisi wa kituo cha Kigali alikuwa daktari wa wagonjwa wa akili. Richard Kandt, aliyezaliwa Posen mwaka 1867, alisomea udaktari Ujerumani, lakini kalamu hakuiweka chini. Mwaka 1898 aliufuata mto Rukarara hadi msitu wa Nyungwe, akitafuta chanzo cha Nile. Safari zake zilizaa kitabu Caput Nili, kilichotoka mwaka 1904, chenye uchunguzi wa mwanasayansi na simulizi za msanii. Wapagazi waliombebea mizigo hawakupata nafasi jaladani. Mwaka 1907 aliteuliwa mwakilishi wa utawala wa Kijerumani nchini Rwanda. Alifariki Nuremberg mwaka 1918. Leo makumbusho ya Nyarugenge yana jina lake, pamoja na kima wa dhahabu wa Virunga.