Dr. Martin Luther na Kinyozi Wake

Wengi wetu twamjua Dr. Martin Luther kwa habari za Worms, aliposimama mbele ya Kaisari mwaka 1521 na kukataa kuyakana aliyoyaandika. Hayo aliyatenda hadharani, mbele ya macho ya watu. Leo twataka kusimulia habari za chumbani mwake, jinsi alivyopigana na majaribu akiwa peke yake. Maana huko ndiko alikojifunza kuomba.

Alizaliwa Eisleben, katika Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Mwaka 1505, alipokuwa akisoma sheria huko Erfurt, radi ilipiga karibu naye njiani, naye kwa hofu akaweka nadhiri kuwa mtawa. Katika nyumba ya watawa alifunga, akakesha, akaungama hata akamchosha mkuu wake, Staupitz. Lakini raha ya moyo hakuipata. Hata alipokwisha kufahamu katika Neno la Mungu ya kuwa mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani, majaribu hayakumwacha. Jambo hili tuliangalie vema, kwa sababu wako Wakristo wadhanio kwamba aliyeamini hajaribiwi tena.

Katika ngome ya Wartburg, alikofichwa tangu Mei 1521 hata Machi 1522, alimwandikia rafiki yake Melanchthon akiungama ya kwamba mwili wake wawaka tamaa, tena ya kwamba amekuwa mvivu wa kuomba. Watu husimulia kuwa huko alimtupia Ibilisi kidau cha wino. Hadithi hiyo ilizuka baadaye, nasi hatuishiki. Lililo hakika ni kwamba alilifasiri Agano Jipya lote kwa Kijerumani katika muda wa majuma 11 hivi. Na wino wa kazi ile, naona, ulimwumiza Ibilisi zaidi.

Mwezi wa Julai mwaka 1527 akaugua ghafula, akadhani anakufa. Moyo wake nao ukaingiwa na giza, akaona kana kwamba Kristo amemwacha. Akamwita mchungaji wake, Johannes Bugenhagen, akaungama kwake. Mwalimu wa maelfu hakuona haya kuwaomba rafiki zake wamwombee. Kisha tauni ikaingia Wittenberg, naye hakukimbia, bali alikaa akawahudumia wagonjwa.

Basi katika mji huo alikuwako kinyozi, jina lake Peter Beskendorf, rafiki yake wa miaka mingi. Mtu huyu alimwuliza Luther jinsi mtu wa kawaida awezavyo kuomba. Mapema mwaka 1535 Luther akamjibu kwa kijitabu. Hakujifanya mtakatifu ndani yake: alikiri kwamba yeye naye huona moyo wake umepoa, hataki kuomba. Hapo, asema, huichukua Zaburi yake, hukimbilia chumbani au kanisani penye watu, hutamka Amri Kumi na Imani kama mtoto, hata moyo upate moto. Tena amwonya Peter ajihadhari na wazo lile lisemalo: ngoja kidogo, nimalize kwanza kazi hii, ndipo niombe. Wazo hilo halina sura ya dhambi, nalo huuiba mchana wote. Akamwonyesha pia mfano katika kazi yake mwenyewe: kinyozi sharti aelekeze macho na mawazo yake kwenye wembe na ndevu, akipiga soga na kutazama huku na huku, atamkata mtu pua, au koo.

Kijitabu kilikuwa bado kipya. Mkesha wa Pasaka wa mwaka ule ule, tarehe 27 Machi, Peter alikuwa mezani nyumbani kwa binti yake. Mkwewe, aliyekuwa askari, alijisifu kwamba anao ufundi wa kujikinga, hata chuma hakiwezi kumdhuru. Peter akashika kisu, akamchoma, na yule kijana akafa. Kwa kitendo cha dakika moja binti yake akawa mjane, naye mwenyewe mwuaji.

Adui wa Luther wangeweza kucheka: tazameni mwanafunzi wake wa sala! Lakini Luther hakumkana rafiki yake. Yeye na wengine walimwombea kwa wakuu, na Peter hakuuawa, bali alifukuzwa mjini. Mali yake ikapotea, akaenda kukaa Dessau katika umaskini.

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546, huko huko Eisleben alikozaliwa. Kijitabu kile kingali chasomwa hata leo katika lugha nyingi, na katika anwani yake limo jina la yule aliyeandikiwa, Peter kinyozi.