Binti Sultani Katika Baridi ya Hamburg

Wengi wetu humjua Sayyida Salme binti Said kwa kisa cha mapenzi yake na mfanyabiashara wa Kijerumani, na wakishafika hapo hutosheka. Waama, mazito ni yale yaliyomkuta baada ya kushuka melini.

Alizaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, mwana wa Sayyid Said bin Sultan na suria wa Kicherkesi. Kwa hesabu yake mwenyewe, jumba lile lilikuwa na watu zaidi ya elfu moja. Wasichana walifundishwa kuisoma Kurani, lakini kuandika wakanyimwa. Naye akajifundisha kwa siri, akiziiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba yake alipofariki mwaka 1856, Salme, na umri wake miaka 12 tu, alihesabiwa mtu mzima, akapewa urithi wake wa shamba na fedha aumiliki mwenyewe. Lishike hilo, msomaji, maana tutalirudia.

Mwaka 1866, akiwa mja mzito wa Rudolph Heinrich Ruete, jirani yake mjini, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume. Mei 1867 akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa siku hiyo hiyo. Safari ya Ulaya ikaanza, na kile kitoto hakikufika: kilifariki njiani, katika nchi ya Ufaransa.

Wazungu aliowajua Unguja alikuwa akiwaona kutoka darini kwake, wamekaa karamuni, vicheko vinavuma hadi nje. Hamburg madirisha yalifungwa. Mume hutoka asubuhi kwenda kazini, naye hubaki nyumbani na watumishi wasioelewana hata kwa neno moja, kwani yeye na mumewe lugha yao ilikuwa Kiswahili. Alistaajabu kuwaona mabibi wa heshima wakienda kwenye dansi mabega wazi mbele ya wanaume wasio wao. Na bila shaka ndio hao hao waliomhurumia kwa barakoa aliyoiacha kwao.

Agosti 1870 Ruete aligongwa na tramu, akafa, akamwacha na watoto watatu. Hapo ndipo lile tuliloliweka linaporudi. Sheria ya Hamburg haikumwachia mjane mali aiangalie peke yake; aliwekewa wasii wanaume. Aliyemiliki shamba lake akiwa mtoto Unguja, sasa, mama wa watoto watatu, anaomba ruhusa katika nchi aliyoambiwa kuwa ndiyo ya ustaarabu! Akahamahama miji ya Ujerumani, akisomesha Kiarabu apate riziki.

Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, Bismarck akimtumia kama kete ya bao. Ndugu yake Sayyid Barghash, ambaye Salme alikuwa mwandishi wake katika uasi wa 1859, alikataa kumwona. Watu wa mitaani, lakini, walimsonga kwa salamu. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, na 1888 akajaribu tena kudai urithi, akatoka patupu.

Aliishi miaka mingi Beirut, pasipo Ujerumani wala Unguja, hadi 1914. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg kando ya mumewe, pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa akiuhifadhi.